Dakika nne za Januari, au nisubiri mwaka mzima?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Dar es Salaam. Nipo mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kimoja huku katikati ya Marekani, kwa skolashipu ya mpira wa kikapu, daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku. Miaka miwili ya mwisho ya sekondari niliisoma huku huku, na shuleni kwetu nilikuwa situlii benchi hata dakika mbili. Nikitolewa, ni kwa sababu mechi imeshaisha nguvu.

Hapa chuoni mambo ni mengine. Tangu msimu uanze Novemba sijaingia kwenye mechi hata moja. Si kwamba nacheza kidogo, sijacheza kabisa. Navaa jezi, napasha misuli na wenzangu, watano wa kwanza wakitajwa nasimama kuwapigia viganja, halafu nakaa. Muda wa kocha ukiitwa nawapelekea wenzangu chupa za maji. Mdogo wangu wa kike alinitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, leo tumekuona kwenye TV, ulikuwa unapiga makofi." Alifurahi kwa dhati. Mimi nilizima simu.

Kwenye nafasi yangu, ya kuongoza timu, tupo wanne. Anayeanza ana miaka 23, alihamia hapa kiangazi kilichopita, na hiki ni chuo chake cha tatu. Mazoezini mimi nipo kwenye kundi linaloigiza wapinzani. Kila wiki napewa video za mchezeshaji wa timu tunayokwenda kukutana nayo, naambiwa wiki hii wewe ndiye yule. Kabla ya Krismasi niliigiza mmoja anayeonyesha kama anakwenda kulia, anakata kushoto, kisha anarudi hatua moja nyuma na kurusha. Niliwafunga wakubwa mpaka kocha msaidizi akapuliza filimbi na kuanza kuwafokea. Siku ya mechi nilikaa benchi nikimtazama jamaa mwenyewe akifanya vile vile, na kila alikokwenda nilikuwa nimeshajua. Akatufunga. Iliniuma sana Shangazi.

Sasa wiki iliyopita yule wa pili kwenye nafasi yangu ameteguka kifundo cha mguu. Daktari amesema wiki nne hadi sita. Kocha mkuu akaniita ofisini. Ana ubao mweupe wenye vibati vya sumaku, kila kibati kina jina la mchezaji, na changu kilikuwa chini kabisa, pembeni. Akakichukua, akawa anakigeuza vidoleni huku anaongea. Akasema nina njia mbili. Ya kwanza, niendelee kutocheza mpaka msimu uishe, nifanye mazoezi, ninyanyue vyuma, nisome, na msimu huu usihesabiwe kati ya misimu yangu minne. Wenyewe wanaiita redishati. Ya pili, aanze kuniingiza, lakini dakika hazitazidi nne au tano kwa mechi, na nikishakanyaga uwanja hata mara moja msimu umehesabiwa. Amenipa siku chache nifikirie.

Ningekuwa peke yangu labda ningeshaamua. Lakini kuna baba. Baba ana karakana ya kuchomelea, na zamani alicheza kikapu mtaani. Mechi zetu nyingi zinaanza saa moja usiku huku, nyumbani ni saa kumi alfajiri. Anaamka, ananunua bando, anakaa sebuleni na simu. Asubuhi kijiweni wanamuuliza, "Mwanao vipi, kafunga ngapi?" Mwanzoni alikuwa ananipigia kunitia moyo. Siku hizi ananiuliza, "Kwani umemkosea nini kocha?" Na mara mbili amenitajia yule Mtanzania aliyefika NBA, ligi ya kulipwa ya huku: "Mbona Thabeet alicheza tangu mwaka wa kwanza?" Nikimweleza habari ya kukaa mwaka mzima kwa hiari, ataona nimekata tamaa. Simu zake nimeanza kuziacha ziite.

Na kuna kaka mmoja, Mtanzania mwenzetu, anaishi jimbo lingine. Aliwahi kunisaidia mambo ya shule, namheshimu. Yeye anasema kocha ananipotezea muda, niingie potali ya uhamisho, ile orodha ya wachezaji wanaotaka kuhama chuo, msimu ukiisha, kuna vyuo vinanitaka na vina hela. Anataka nimkubalie mapema ili aanze kunitafutia, na atachukua sehemu yake. Anasisitiza nisimwambie mtu.

Nasoma uhandisi wa ujenzi na muhula uliopita nilifanya vizuri. Usingizi ndio sina. Nifanye nini?

Wa Benchi, Marekani

*

Marahaba, mwanangu. Pole na baridi, na pole na hiyo simu inayoita usiyoipokea.

Barua yako nimeisoma ikanichekesha pale kwa mdogo wako, ikanikaza pale kwa huyo kaka anayetaka usimwambie mtu. Naona umeniletea mambo matatu yakiwa yamefungwa fundo moja. Kuna swali la kocha, ambalo lina tarehe yake. Kuna baba, ambaye hana tarehe. Na kuna huyo kaka, ambaye haraka ni yake, si yako. Ukiyajibu kwa pamoja utajikuta umemjibu kocha kwa hofu ya baba.

Nianze na hilo neno "sijacheza kabisa", maana nahisi unalisoma kama hukumu juu ya uwezo wako. Umeingia chuo katika kipindi kigumu kwa watoto wa mwaka wa kwanza. Zamani mchezaji wa kikapu aliyehama chuo alikuwa anakaa nje mwaka mzima kabla ya kucheza, kwa hiyo makocha walilea vijana wao wenyewe. Mwaka 2021 NCAA ikaruhusu kuhama mara moja bila kukaa nje, na 2024 ikaruhusu kuhama mara yoyote ile mradi masomo yako sawa. Juu ya hapo, msimu wa 2020/21, ule wa korona, haukuhesabiwa kwa mtu yeyote, watu wazima wakajazana vyuoni kwa miaka kadhaa. Kocha anayelipwa ili ashinde mwaka huu, akiwekewa mezani mwanamume wa miaka 23 aliyekwishacheza mechi themanini na kijana wa 19 aliyetoka sekondari, atamchukua nani? Humo hamna chuki wala kosa ulilomfanyia. Baba yako hilo halijui, na hana namna ya kulijua kama hujamwambia.

Sasa swali lenyewe. Kuna jambo moja sikuliona kwenye barua yako, nalo linabadilisha hesabu. Kanuni inakupa miaka mitano tangu ulipojiandikisha chuoni, na ndani ya miaka hiyo unacheza misimu minne. Maana yake una mwaka mmoja wa ziada, na ni mmoja tu. Ukikaa nje sasa, umeutumia, umebaki na miaka minne na misimu minne, hakuna nafasi ya kupumua. Ukiumia vibaya mwaka wa tatu, itabidi uombe huruma ya kanuni, na huruma hiyo ina masharti yake. Ukicheza sasa, umebaki na misimu mitatu ndani ya miaka minne, na ule mwaka wa ziada bado unao mfukoni. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ukicheza Januari hii umetupa mwaka, na anayekwambia kwamba ukikaa umeokoa mwaka, wote wawili wanakupa nusu ya habari. Swali ni huo mwaka wa ziada unautaka wakati gani: sasa ukiwa na miaka 19 na mwili bado unakua, au uubakize kama akiba.

Haya, zitazame hizo dakika nne zilivyo, si jinsi zinavyosikika ukizisimulia kijiweni. Mechi ya wanaume vyuoni ni dakika 40, vipindi viwili vya dakika 20. Kijana wa akiba anaingizwa mara nyingi kuelekea mapumziko, pale mkubwa wake anapokuwa na faulo mbili na kocha anaogopa ya tatu. Kazi anayopewa ni kutopoteza mpira. Akiupoteza mara moja, anasikia jina lake likiitwa arudi. Watu wakimtazama kwenye simu saa kumi alfajiri wataona sekunde tisini na pasi nne. Halafu baada ya hizo wiki sita mwenzako anapona, na kibati chako kinaweza kurudi kilekile pembeni, huku msimu umeshahesabiwa.

Lakini nisiwe kama nazidharau. Kelele za ukumbi wa ugenini hazifundishwi mazoezini. Kuna wachezaji waliopewa dakika nne Januari, mtu mwingine akaumia, na Februari wakawa wanacheza ishirini. Umeniandikia mwenyewe kwamba ulimjua yule jamaa kila alikokwenda kabla hajaenda. Hicho kitu, mwanangu, si kidogo. Ulikisema kama malalamiko, mimi nimekisoma kama sifa. Kocha wako anajua kwamba ndivyo unavyouona mchezo? Umewahi kumwambia, "Huyu ameshakuwa mimi wiki nzima, nipe dakika mbili nimkabe"? Huenda kwa muda wote huu amekuwa akikuona kama mtoto anayeiga vizuri, kumbe una macho ya mchezeshaji.

Kukaa nje nako kuna sura mbili. Pascal Siakam wa Kameruni alikaa nje msimu mzima, 2013/14, pale New Mexico State. Akacheza misimu miwili tu, 2016 timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya akachaguliwa wa 27 na Toronto Raptors, 2019 akawa bingwa wa NBA. Wakija kukushawishi watakutajia huyo. Hawatakutajia wale waliokaa nje mwaka mzima, wakajenga misuli, na masika kocha akaleta mtu mwingine wa miaka 23 kutoka kwenye hiyo hiyo potali. Redishati si ahadi ya nafasi mwaka ujao. Inampa kocha naye faida: anabaki na wewe bila kulazimika kukutumia. Na hiyo njia ya dakika nne nayo inamfaa, kwa kuwa ana jeraha na anahitaji mtu. Simlaumu, na kukuita na kukuuliza ni heshima ambayo si kila kocha anaitoa. Ila kumbuka kwamba kila njia aliyokupa inampa yeye kitu, kwa hiyo na wewe una haki ya kuuliza inakupa nini.

Ningekuwa nimekaa na wewe kwenye korido kabla hujaingia ofisini kwake, ningekutuma na maswali haya. Nikikaa nje, mpango wangu wa wiki ni upi, nani atanisimamia, na nitasafiri na timu au nitabaki? Skolashipu yangu inafika mwaka wa tano, na hilo limeandikwa wapi? Mwenzangu akipona, mimi nitakuwa nani? Kiangazi unatafuta mchezeshaji mwingine? Hili la mwisho litakuwa gumu kuliuliza, na huenda akalikwepa. Namna atakavyolikwepa itakwambia kitu pia. Kisha uende ofisi ya chuo inayosimamia kanuni za wanamichezo wakuhesabie misimu na miaka yako kwenye karatasi, usitegemee hesabu ya kocha, wala ya Shangazi.

Na hapo usisahau uhandisi. Sheria inaweka saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, lakini wewe na mimi tunajua basi la kwenda ugenini na kurudi usiku wa manane haliingizwi kwenye hizo saa. Muhula huu una maabara? Siku gani? Kwa kijana wa uhandisi, mwaka wa tano uliolipiwa unaweza kuwa ndio unaomaliza shahada bila kukimbizana. Au unaweza kuwa mwaka wa kuchelewa kuanza maisha. Hapo sikuchagulii, ila nimeona umeutaja mstari mmoja tu mwishoni, kama mtu aliyekumbuka mlangoni kwamba amesahau funguo.

Sasa huyo kaka. Nitaongea wazi kidogo, unisamehe kama ni mtu mwema. Kukubali kuwakilishwa na wakala, hata kwa maneno tu bila kusaini, kunaweza kukuondolea haki ya kucheza. Ukishajiandikisha kuhama, chuo chako kinaruhusiwa kukukatia skolashipu muhula ukiisha, hata kama huko unakokwenda hakuna aliyekuchukua. Kwa mwenzako Mmarekani hiyo ni aibu na kurudi kwao. Kwako wewe mwenye viza ya F-1, ya mwanafunzi, ni jambo jingine, kwa sababu kukaa kwako nchini kunategemea uwe umesajiliwa masomo ya muda wote na I-20 yako, ile hati ya chuo inayobeba viza yako, iwe imehamishiwa chuo kipya kwa wakati. Hizo "hela" nazo, viza yako ina mipaka mikali juu ya kazi, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo ya kuulizwa kabla hujaweka sahihi popote. Kuhama si dhambi, huenda masika ukaona ndiyo njia. Lakini jambo la halali halihitaji usimwambie mtu. Mjibu kwa adabu kwamba utafikiria msimu ukiisha, ukimaliza kuongea na ofisi ya chuo. Uone atakavyopokea.

Nimemwacha baba mwisho kwa sababu ndiye aliyejaa kwenye barua yako. Mnaongea habari za Thabeet. Ni kweli, Hasheem alicheza chuo cha Connecticut tangu msimu wake wa kwanza, na 2009 akachaguliwa wa pili kwa jumla na Memphis, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Sote tulijidai. Lakini Thabeet ana mita 2.21. Mtu wa urefu huo anaingizwa uwanjani azuie chini ya goli hata kama bado anajifunza. Mchezeshaji anakabidhiwa timu nzima mkononi, na kocha hamkabidhi mpaka amwamini. Na hata yeye alikaa chuo miaka mitatu. Baba amecheza kikapu, hili akielezwa ataling'amua haraka kuliko unavyodhani.

Unasema ataona umekata tamaa. Umemuuliza, au umemjibia? Mimi katika barua yako nimemwona mzazi anayeamka saa kumi alfajiri kumtazama mwanawe amekaa. Kama ni fahari ya kijiweni tu, angekuwa ameshaacha kununua bando tangu Desemba. Na lile swali lake, "umemkosea nini kocha", linaweza kuwa lawama, na linaweza kuwa hofu ya mzazi aliye mbali asiyejua mwanawe anatendewaje. Ni wewe unayeijua sauti yake, siyo mimi.

Kwa hiyo mpigie kabla hujamjibu kocha, usisubiri mpaka uwe umeshaamua. Usimpigie kumwomba ruhusa wala kumpa taarifa. Mpigie umweleze ule ubao na kile kibati, umweleze misimu minne na miaka mitano, na umsimulie ile wiki uliyowafunga wakubwa mpaka wakafokewa, maana nina hakika hujamsimulia. Mwambie, "Baba, ungekuwa ni wewe, ungeuliza nini?" Ukimuuliza hivyo unamrudisha kuwa mchezaji kidogo, badala ya kuwa mtu anayesubiri namba za kupeleka kijiweni. Anaweza akakasirika. Wazee wengine hukasirika kwanza halafu hupiga tena usiku. Na akisema bado anataka akuone uwanjani, hilo nalo ni neno la baba, lisikilize, lipime, lakini miguu itakayokanyaga hapo ni yako na miaka itakayohesabiwa ni yako.

Kuna jambo moja nataka ujiulize ukiwa peke yako. Tuseme hakuna TV, hakuna simu, mechi inachezwa na hakuna mtu wa nyumbani atakayeiona. Hizo dakika nne ungezitaka? Nakuuliza kwa sababu sijui jibu lako, na kwenye barua nzima hukuniambia. Ukisema ndiyo, nazitaka, naona mwili upo tayari, basi kajibu maswali ya kocha ukiwa na hilo. Ukijikuta umepumua kwa kuwazia kwamba hulazimiki, hilo nalo lina maana yake, na halina uhusiano na woga.

Usingizi usipokurudia wiki hii, vyuo vya huko vina washauri wa wanafunzi na timu nyingi zina wa kwao, na kwenda kuwaona si udhaifu. Siku chache ulizopewa zikiwa hazitoshi, mwombe kocha akuongezee mpaka mechi ya wikiendi ipite, aghalabu hakatai mtu. Ukishaongea naye na baba, niandikie tena, na unitajie huyo mchezeshaji wa timu ijayo anakwenda upande gani.

Shangazi